Siku tano Indiana na baba mdogo, tukimfuata Fred Wilt

Siku ya kwanza, Jumatano

Saa kumi alfajiri nilisikia maji bafuni. Baba mdogo hajakubali hata leo kwamba ukistaafu upolisi unastaafu na kuamka mapema. Nilipofika sebuleni alikuwa ameshavaa, shati limechomekwa, na mapajani amelaza lile faili lake la plastiki.

Faili hilo ndilo lililotutoa nyumbani. Ndani mna kurasa nne za fotokopi zilizogeuka rangi ya chai, makala ya Kiingereza kuhusu namna ya kugawa mazoezi ya mbio ndefu. Kocha wa timu yao ya polisi aliwagawia miaka ya 1980, aliporudi na begi la makaratasi kutoka kozi ya ng'ambo. Wenzake walifungia maandazi. Yeye akazitia kwenye sanduku la bati kule Mbulu, na alipokuja kunitembelea Indianapolis akazibeba pamoja na vitenge vya mke wangu. Juu ya ukurasa wa kwanza limechapwa jina: Fred Wilt. Pembeni, kwa kalamu ya kocha: Indiana.

"Si ndiyo hapa?" aliniuliza wiki ile ile aliyofika.

Ndiyo hapa. Nikatafuta habari za mtu huyo, nikamsomea. Mbio zilikuwa za ridhaa tu. Kazi yake ilikuwa upelelezi wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Indiana, akaenda Olimpiki mbili, na jioni baada ya kazi ndipo alipokaa mezani kuandika mambo kama yale ya kwenye faili. Mzee akavua miwani. "Askari? Yaani miaka yote hii nilikuwa nafundishwa na askari mwenzangu?" Nikaomba ruhusa ya siku tano, nikaliacha lori, nikatoa gari dogo.

Kabla ya kuondoka mjini tulipita makaburi ya Crown Hill, kwa sababu yako njiani na kwa sababu nilitaka kumwonyesha kitu. Pale amelala John Dillinger, mwizi wa mabenki aliyeuawa na maafisa wa upelelezi wa serikali kuu Chicago, Julai 1934. Jiwe la kaburi lake limebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa watu hulimegua wapate kipande cha kwenda nacho nyumbani. Tulikuta sarafu zimepangwa juu yake. Baba mdogo aliziangalia kama anazihesabu kwa ushahidi.

"Wanamlipa mwizi," akasema, akarudi garini.

Pendleton ni mwendo wa dakika arobaini kaskazini mashariki kwa barabara ya 69. Wilt alizaliwa hapo Desemba 14, 1920. Mji mdogo, duka la kahawa, na katikati bustani yenye maporomoko mafupi ya kijito cha Fall Creek. Kwenye bustani kuna jiwe linaloeleza kwamba Wazungu watatu walinyongwa hapo mwaka 1825 kwa kuua Wahindi Wekundu. Ni mji huu huu ambako Frederick Douglass alivamiwa na kundi la watu mwaka 1843 alipokuja kuhutubia dhidi ya utumwa, wakamvunja mkono. Sisi tulikula sandwichi zetu kwenye benchi, bibi mmoja mwenye mbwa akatusalimu, tukasalimia.

Kilichomfurahisha baba mdogo kiko nje kidogo ya mji: gereza. Dillinger alifungwa humo mwaka 1924, bado kijana, kabla hajawa jina la magazetini. Mtoto Fred, mzaliwa wa mji huo, alikuwa hajatimiza miaka minne. Mzee alitaka tusimame getini apige picha. Nikamwambia baba, huku mtu mweusi hapigi picha geti la gereza akaondoka na stori nzuri. Alicheka mpaka tukakaribia Fort Wayne. Tulilala huko.

Siku ya pili, Alhamisi

Auburn, kaskazini ya Fort Wayne. Mvua. Watu huja hapa kuangalia magari ya zamani yaliyotengenezwa mjini humu. Sisi tulikuja kwa ajili ya Don Lash, na hakuna aliyetuuliza habari zake.

Lash ndiye kaka mkubwa wa hadithi hii. Alisoma sekondari hapa, akaenda Chuo Kikuu cha Indiana, na Juni 1936, kwenye uwanja wa Princeton, akakimbia maili mbili kwa dakika 8 sekunde 58.4. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Paavo Nurmi, Mfini yule aliyekuwa akikimbia na saa mkononi. Ubingwa wa Marekani wa mbio za nyika aliubeba mara saba mfululizo, 1934 hadi 1940. Halafu naye akaingia FBI.

Mzee akadai hii si bahati. Nikamwongezea nyingine: Oktoba 1933 genge la Dillinger liliingia kituo cha polisi cha Auburn, mji huu huu, likaondoka na bunduki na fulana za kuzuia risasi.

"Waliibia kituo cha polisi?"

"Ndiyo, baba."

Alinyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa anawaza nani alikuwa zamu.

Siku ya tatu, Ijumaa

Tulirudi kusini kwa 69 ile ile, tukapita Indianapolis bila kusimama nyumbani (mke wangu alishaapa kwamba tukisimama hatutoki), hadi Bloomington. Mahindi yamekauka pande zote mbili za barabara, soya inageuka njano. Baba mdogo hawezi kuzoea kuona shamba lisilo na mtu hata mmoja ndani.

Chuo chenyewe ni cha mawe meupe, ya chokaa, yanayochimbwa wilaya hii. Tulitafuta uwanja wa riadha. Njia yake ya kukimbilia imepewa jina la Billy Hayes, kocha aliyefundisha hapa tangu 1924 hadi alipofariki 1943. Lash alikuwa kijana wake. Wilt alikuwa kijana wake. Mashindano ya kwanza kabisa ya taifa ya vyuo ya mbio za nyika, mwaka 1938, timu ya Hayes ndiyo iliyoshinda. Wilt alitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1941, nyika na maili mbili.

Tulisimama nje ya uzio. Wasichana watano walikuwa wanakimbia vipande, kocha ameshika saa. Baba mdogo hakuongea. Aliangalia saa yake kila walipopita, midomo inacheza, na walipomaliza kipande cha sita akasema, "Yule wa mwisho ataumia. Anavuta pumzi kwa mabega." Kocha, kama amesikia, akamwita msichana huyo pembeni. Nisiposema hapa kwamba mzee alinitazama kwa majivuno nitakuwa mwongo.

Kwenye mgahawa wa karibu ndipo tulipozungumza jambo ambalo kwangu ndilo safari yenyewe.

Mimi nilikuwa namshangaa Wilt: mpelelezi, na wakati huo huo mkimbiaji wa kimataifa! Baba mdogo hakuona ajabu. Kwetu ndivyo ilivyo. Filbert Bayi alikuwa askari wa JWTZ. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989, alikuwa afisa wa jeshi. Jirani zetu wa Kenya wakikuta kijana anakimbia vizuri, polisi, jeshi na magereza humgombania. Yeye mwenyewe aliajiriwa kwa miguu.

"Ila nikuulize," akasema. "Walimpa muda?"

"Muda gani?"

"Wa mazoezi. Sisi asubuhi tulikuwa kambini, jioni tulikuwa kambini. Zamu tulipangiwa za geti, zisizochosha. Ikikaribia michezo ya majeshi hata geti tunaondolewa. Huyu FBI wake ulikuwa namna hiyo?"

Nikamweleza jinsi ridhaa ilivyokuwa Marekani wakati ule. Mkimbiaji hakuruhusiwa kula senti ya mbio zake. Ukimaliza chuo, umemaliza. Nenda katafute kazi, na ukitaka kuendelea kukimbia ni shauri yako, alfajiri au usiku, kwenye bustani au pembeni mwa barabara. Wilt alikuwa na faili za kesi mchana na njia ya bustani jioni. Namna hiyo ndivyo alivyokwenda London 1948 akawa wa 11 katika mita 10,000, akarudi tena Helsinki 1952 akawa wa 21.

Mzee aliinamia kahawa yake. "Wa kumi na moja duniani," akasema, "baada ya kutoka kazini." Halafu, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa dogo: "Mimi sikuwahi hata kuwa wa kumi na moja Dodoma."

Wakati wa kulipa, kijana aliyekuwa anafuta meza akatuuliza kwa Kiswahili kizuri tu kama tumeshiba. Mzungu, nywele nyekundu. Kiswahili kinafundishwa hapo chuoni. Baba mdogo alimjibu kirefu sana, na kijana aliitikia "ndiyo" mahali pote, hata palipohitaji "hapana".

Siku ya nne, Jumamosi

Terre Haute. Asubuhi, njiani, nilimsimulia ile maili ya 1950, na sasa najuta, kwa kuwa alinisimulisha mara tatu.

Ni Januari, New York, michezo ya Millrose ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, mbio za maili moja. Wilt na Don Gehrmann wa Wisconsin wanafika utepeni pamoja, wote dakika 4 sekunde 9.3. Waamuzi wa mstari wa mwisho hawakubaliani. Gehrmann anatangazwa mshindi. Rufaa inakatwa, kamati ya New York inampa Wilt. Rufaa nyingine, chama cha taifa kinamrudishia Gehrmann. Tangu mbio kukimbiwa hadi uamuzi wa mwisho: siku 314.

"Mia tatu na kumi na nne! Hata kesi ya ng'ombe Mbulu huisha mapema."

"Mpelelezi mzima," nikasema, "kashindwa kuthibitisha kifua chake mwenyewe."

Hilo hakulipenda. Askari hataniwi na raia mbele ya askari mwingine. Akanikumbusha kwamba mwaka huo huo wa 1950 Wilt ndiye aliyepewa tuzo ya Sullivan, ya mwanariadha bora wa ridhaa wa Marekani. (Nilimwambia mimi mwenyewe siku ya kwanza, sasa ananifundisha.) Lash aliipata ya 1938. Kisha, kwa kuwa hawezi kuacha New York iishe bila Mtanzania, akaleta habari za Suleiman Nyambui, ambaye Februari 1981, kwenye Millrose hiyo hiyo, alikimbia mita 5,000 za ndani kwa dakika 13 sekunde 20.4, rekodi ya dunia. Ukumbi ulishahamia jengo jingine. Sikumwambia.

Uwanja wa LaVern Gibson uko nje ya mji, mashariki. Ukitarajia uwanja wa majukwaa utapita bila kuuona: ni vilima vya majani tu na njia pana iliyofyekwa, kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa mgodi wa makaa ya mawe. Lakini mwulize mtu yeyote wa mbio za nyika Marekani. Mashindano ya vyuo yamefanyika hapa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sally Kipyego alishinda hapa miaka mitatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008. Samuel Chelanga akashinda hapa 2009 na 2010. Edward Cheserek, 2013 na 2014. Kwa miaka hiyo, ukisimama kwenye kile kilima cha mwisho, ungeweza kushangilia kwa Kiswahili na mshindi akakuelewa.

Nikamwambia kwamba Chelanga baadaye alijiunga na jeshi la Marekani. Mzee akapiga kofi. "Umeona? Wamejifunza kwetu."

Lango lilikuwa wazi. Akavua koti, akanipa faili, akaanza kutembea, kisha kutembea kwa haraka, kisha, kwa ule mwendo wa mzee ambao si mbio na si kutembea, akapotea nyuma ya kilima. Ana miaka 66 na goti la kulia ni la kuazima. Nilikaa kwenye majani nikisoma kurasa zake. Kila penye namba amepigia mstari, na kwenye pambizo mwandiko wake wa ujana: "leo nimeshindwa", "leo mvua", "leo 8 tu", "zamu". Hilo "zamu" lilijitokeza mara nyingi. Basi ile hadithi ya zamu za geti zisizochosha ilikuwa na tundu lake.

Alirudi baada ya dakika ishirini na tano, amelowa. Sikumuuliza kuhusu zamu.

Lash alifia mji huu Septemba 19, 1994. Wilt alikuwa amemtangulia kwa wiki mbili, Septemba 5, huko Anderson, jirani na alikozaliwa. Kocha mmoja, chuo kimoja, tuzo moja, kazi moja, mwezi mmoja. Nilipomwambia, baba mdogo alikuwa anakausha shingo kwa taulo ya hoteli. Akasema tu, "Haya, wakapumzike," akaenda kuswaki.

Siku ya tano, Jumapili

Kutoka Terre Haute hadi Lafayette barabara inafuata bonde la mto Wabash kuelekea kaskazini. Tulipita wilaya ya Parke, yenye madaraja ya mbao yaliyoezekwa kama nyumba, zaidi ya thelathini. Mzee alitaka kujua kwa nini daraja linaezekwa. Mbao zisioze, nikamwambia. Akaona ni akili.

Lafayette ndiko Wilt alikofanyia kazi na kuishi miaka yake ya kati, na hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko rekodi zote za safari hii.

Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Leonard Edelen, wote wakimwita Buddy, aliyekuwa anafundisha shule Uingereza, huko Essex, na kukimbia marathoni. Kocha wake alikuwa Wilt. Mmoja Essex, mwingine Indiana, bahari katikati, miaka ya mwanzo ya 1960. Walifundishana kwa barua. Edelen anaandika: nimekimbia hivi, nimejisikia hivi, mguu unauma hapa. Wilt anatoka ofisini, anasoma, anajibu: punguza, ongeza, pumzika, rudia. Barua inavuka, jibu linavuka. Na Juni 15, 1963, kwenye marathoni ya Polytechnic, kutoka Windsor hadi Chiswick, Edelen akamaliza kwa saa 2:14:28. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo kabla ya siku ile.

Nimefikiria sana jambo hili nikiwa nyuma ya usukani usiku. Kocha anayeona huwa anadanganyika pia: anaona jasho, anaona sura, anamhurumia au anamchukia mtu. Wilt hakuona. Alikuwa na maelezo ya karatasi tu, na kazi yake ya mchana ilikuwa kusoma maelezo ya karatasi na kujua mtu anaficha nini. Sina shaka alijua Edelen aliposema "najisikia vizuri" na hajisikii vizuri. Hata yale makala yake ndivyo yalivyozaliwa: aliwaandikia wakimbiaji wa nchi mbalimbali, akawahoji wanafanya nini Jumatatu, nini Jumanne, mangapi, kwa kasi gani, akayapanga kama faili za kesi na kuyachapisha kwa yeyote atakayetaka. Baadhi yao walikuwa wapinzani wa Wamarekani wenzake. Sijui kama mabosi wake waliona ucheshi wake, mtu wa FBI anayegawa siri.

Tulivuka daraja la waenda kwa miguu linalounganisha Lafayette na West Lafayette. Maji ya kahawia, taratibu. Upande wa pili ni Purdue, ambako Wilt alipostaafu upelelezi aliwafundisha wasichana riadha. Mwaka 1981 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa riadha wa Marekani. Chuoni kuna sanamu ya Neil Armstrong. Tulipiga picha hapo kama kila mtu.

Kwenye duka la vitu vya ukumbusho baba mdogo alichagua kadi ya posta yenye picha ya mto. Akakaa kwenye ngazi nje, akatoa kalamu, akaweka kadi juu ya faili. Nilijua inakwenda kwa mjukuu wake, yuko kidato cha pili, mwaka huu alikwenda UMISSETA akarudi na viatu vipya na kiburi.

"Baba, mpigie tu WhatsApp. Simu ya mama yake iko hewani saa hizi."

"Kwenye WhatsApp atanijibu kabla hajafanya."

Akaandika kwa herufi kubwa, kama anaandika taarifa kituoni. Mita 400 mara nane. Katikati tembea mita 200, usikae. Fanya Jumanne na Ijumaa, wiki tatu. Kisha niandikie umejisikiaje kipande cha kwanza na umejisikiaje cha mwisho, na usiniambie vizuri. Chini akaweka S.L.P. ya shule.

Posta zimefungwa Jumapili, lakini muuza duka alikuwa na stempu za nje. Mzee akamuuliza kupitia kwangu itachukua muda gani kufika Tanzania. Dada yule akakisia: wiki tatu, labda nne.

Baba mdogo akahesabu kwa vidole. Ndege yake ni tarehe nane mwezi ujao.

"Basi nitafika kabla yake," akasema, akailamba kingo stempu isiyohitaji kulambwa, akaibandika, akaitumbukiza.